Mama Yangu na Kiti cha Daraja la Kwanza

Leo mama yangu amefukuzwa kwenye kiti chake, na aliyemfukuza ni mtu wa kwetu.

Tulipanda treni Kisumu kuja Nairobi. Mama ni wa kijijini Khayega, hajawahi kupanda treni maisha yake yote, kwa hivyo nikamkatia daraja la kwanza.

Nilienda msalani tu. Kurudi, kiti ni kitupu.

Nikampata behewa la nyuma kabisa, amesimama katikati ya watu.

"Mama, mbona uko huku?"

"Mhudumu aliniambia huku ndiko kwangu."

Na alimwambia kwa Kiisukha, jamani. Mama aliposikia lugha ya nyumbani alifurahi, akadhani anakuja kumsalimia.

Nikamrudisha mbele, nikamwonyesha yule mhudumu tiketi zetu mbili.

"Samahani sana, bosi. Sikujua ni mama yako."

"Na kama hangekuwa mama yangu?"

Akanirudishia tiketi.

Mama akanivuta shati. "Wacha, mwanangu. Mtoto wa wenyewe yuko kazini."

Mniambie kama nakosea. Msamaha aliniomba mimi. Mama alikuwa amesimama hapo hapo kati yetu, na mhudumu hakumwangalia hata mara moja.

Sasa tumepita Nakuru. Kiti ni kizuri, kinalala nyuma ukitaka. Mama bado hajaegemea. Kila mtu mwenye sare akipita, anainuka kidogo, kama mtu anayejua ataambiwa aondoke.