Plau ya Diski Tatu na Kibuyu cha Mama

Baba alituachia trekta kuukuu lililowahi kuwa la bluu, haro moja yenye kutu, na swali ambalo Garsen nzima ilikuwa imeshalijibu kwa niaba yake: ni mtu gani mwenye akili timamu anakaa na trekta bila plau?

Kwa asiyezijua mashine hizi, nitaeleza kama nilivyoelezwa mimi, bila kuomba, na wanaume wasiopungua kumi. Plau ni visahani vikubwa vya chuma vinavyozama ardhini na kuupindua udongo, wa chini ukaja juu na wa juu ukaenda chini. Haro ni visahani vidogo vingi vinavyokwaruza juu juu na kuvunjavunja. Plau, niliambiwa, ndiyo kulima. Haro ni kumalizia. Mwenye haro peke yake ni kama mwenye kijiko asiye na sufuria.

Mimi nilikuwa na jibu langu. Najua plau ilikuwepo kwa sababu nilipokuwa mtoto nilijikwaa kwenye kisahani chake, na kovu ninalo mpaka leo kwenye muundi. Kisha nikapelekwa shule ya bweni, na niliporudi likizo plau haikuwepo, ila baba alikuwa na baiskeli mpya. Nilikuwa mzuri wa hesabu. Nikahitimisha kwamba mzee aliitoa mashine ya kulishia watoto akajipatia kitu cha kutembelea, na hukumu hiyo sikuibadilisha hata siku tulipomzika.

Mwaka ninaousimulia, haja ya trekta ilikuwa ya kweli. Mama ana shamba la ekari moja na kidogo kando ya mto, mwendo mfupi kutoka Golbanti, na ana kibuyu. Ndani ya kibuyu hutunza mbegu za mpunga wa kwao, alizozipokea kwa mama yake, mpunga mrefu wa punje nyekundu ambao hauuzwi duka lolote. Tangu avune mara ya mwisho, mwaka wa kwanza hakupanda kwa sababu mvua ilikataa. Mwaka wa pili mto ulijaa mpaka tukahamia kwenye mwinuko na mbuzi wetu. Sasa maji yalikuwa yanashuka, na mama alishasema kwamba mbegu zikilala msimu mwingine zitakuwa chakula cha kuku. Zisipoota mwaka ule, mpunga wa bibi ungekuwa umekwisha duniani. Magoti yake yalikuwa hayamruhusu tena kulima kwa jembe. Kazi ilikuwa yangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila muhula huandika ubaoni methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu, watoto waitungie insha. Kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa vizuri kabisa kwa yaliyofuata.

Nilianza kwa fundi mmoja wa Garsen, ambaye karakana yake ni mti wa mkwaju na vyuma vilivyolala chini yake. Nilimwambia nina trekta na haro. Alinitazama kama daktari anayetafuta namna ya kumpa mtu habari mbaya.

"Haro ni ya kuchezea, madam," alisema. "Wewe nataka kulima ama nataka kuchana nywele ya shamba?"

Waliokuwa wakinywa chai pale walicheka, na mimi, mwanamke wa miaka arobaini na saba mwenye cheti cha ualimu, niliona haya kwa sababu ya haro. Fundi akanionyesha plau ya diski tatu. Ilikuwa nzito, imepakwa rangi nyekundu juu ya kutu, na kila mtu pale alikuwa na neno jema juu yake. Mmoja alisema plau kama ile ilimgeuza shemeji yake kuwa mtu. Hakuna aliyeniuliza shamba liko wapi. Nilimpigia simu kaka yangu, injinia wa majokofu huko Mombasa, ambaye hajashika jembe tangu ndevu zimtoke, naye akaunga mkono plau kwa ufasaha mkubwa. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Hawakusema chochote juu ya kumuuliza kila mtu isipokuwa mwenye shamba.

Nilikodi plau.

Jioni nilimweleza mama. Alikuwa anachambua kunde.

"Haro ya baba yako si ipo?" aliuliza.

Nikamtolea somo. Nilimweleza habari ya hewa kuingia udongoni, magugu kufukiwa, mizizi kwenda chini, yote kama yalivyo kwenye kitabu cha darasa la sita, pamoja na mchoro niliouchora kwa kidole mavumbini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu."

Mama ananiita kwa jina la utotoni. Akiniita mwalimu, mtu mwenye masikio angerudisha plau usiku uleule.

Kulipokucha tulikwenda shambani: mimi, mama, na binamu yangu, mtoto wa mjomba, ambaye ndiye dereva wa trekta kila linapokubali kuwaka. Mama alivua viatu akaingia. Hivi ndivyo wanawake wa kwetu wanavyoupima udongo mto ukishuka: unakanyaga kwa kisigino, unauondoa mguu, unalitazama shimo. Likijaa maji, rudi nyumbani. Likibaki tupu na kuta zake zinang'aa, panda. Likianza kupasuka pembeni, umechelewa, tafuta wa kumlaumu. Shimo la mama lilibaki tupu, linang'aa.

Akamwita binamu kando wakanong'ona. Binamu akapanda trekta, akalipita lango tuliposimama, akazunguka shamba zima mpaka upande wa mbali, ule unaopakana na malka, njia ya ng'ombe wa Waorma kwenda mtoni. Nilimpigia kelele aanzie hapa karibu. Hakugeuka. Nikasema moyoni kwamba ukaidi uko katika damu ya upande ule wa familia.

Trekta la baba halikuumbiwa diski tatu. Kila binamu alipoinyanyua plau, trekta lilisimama kwa miguu ya nyuma kama mbuzi anayetafuta majani ya juu. Tulifunga magunia mawili ya mchanga mbele ya pua yake. Likatulia kidogo, likatoa moshi mweusi uliowafukuza korongo mpaka ng'ambo ya mto, na likaanza kulima. Sitadanganya: nilifurahi. Udongo ulipinduka kwa mapande makubwa yanayong'aa kama mche wa sabuni, na nilipiga picha nikamtumia kaka. Alijibu kwa dole gumba.

Kufikia saa sita nusu ya shamba ilikuwa imepinduliwa, na jua lilikuwa limeanza kazi yake. Yale mapande yaliacha kung'aa. Yakawa ya kijivu, kisha meupe, na nilipolipiga teke moja niliumia kidole. Udongo mweusi laini ambao mto ulikuwa umeutandaza juu ulikuwa umezikwa chini, na juu tulikuwa tumeleta udongo wa mfinyanzi wa tangu zamani, wenye chumvi, ambao haukuwa umeomba kuja. Niliufinya vidoleni nikauonja. Ulikuwa chumvi kweli.

Mzee mmoja jirani yetu, Muorma, alikuwa anapita kwenye malka na ng'ombe wake. Yeye na mama hupatana kila mwaka: tukishavuna, ng'ombe wake wanaingia kula mabua. Alisimama, akaegemea fimbo, akatazama kazi yangu kwa muda mrefu.

"Mwalimu," alisema, "hii umepanda mawe?"

"Ni plau, mzee."

"Mimi naona. Ng'ombe yangu mwaka huu hapana ingia hapa. Itavunja mguu."

Akaenda zake. Nilimpigia fundi simu. Fundi hakushtuka hata kidogo. Alisema tatizo ni trekta kukosa nguvu. Ilitakiwa plau kubwa zaidi, ipite mara ya pili, kwa kina zaidi. Nilimshukuru. Ni raha kuzungumza na mtu ambaye dawa yake ni ileile iliyokuua.

Kisha nikamwona mama. Alikuwa ameingia kwenye nusu iliyolimwa, akajaribu kukanyaga kwa kisigino, na kisigino hakikuingia. Akaketi juu ya pande moja la udongo, kibuyu mapajani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu baba afe. Nilikuwa nimechukua mpunga uliovuka njaa na mafuriko ya vizazi, nikaufikisha mahali pa kufia, kwa sababu watu wanne wanaokunywa chai walicheka.

Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake. "Mama, tufanye nini?"

Lilikuwa ndilo swali langu la kwanza kwake tangu maji yaanze kushuka.

Alinishika bega akainuka, akanivuta mpaka nusu ambayo bado haijaguswa, ile ya karibu na lango. Akakanyaga. Shimo likabaki tupu, linang'aa.

"Leo na kesho," alisema. "Keshokutwa hapana. Nifungie haro."

Haro ilikuwa nyuma ya nyumba, imelala kwenye nyasi, na kuku wawili walikuwa wamehamia humo. Visahani vitatu vilikuwa vimeshikana kwa kutu. Binamu alivigonga, tukavipaka grisi na mafuta machafu ya injini, tukaifunga alasiri hiyohiyo. Trekta liliinyanyua bila kusimama kwa miguu ya nyuma, na yale magunia ya mchanga tukayafungua. Mama alisimama mbele ya binamu akamwonyesha kina kwa kiganja: upana wa vidole vinne, basi.

"Mto umeshalima," aliniambia, haro ikipita mara ya kwanza. "Umeleta udongo kutoka juu huko, umeutandika vizuri. Kazi yetu ni kuukuna tu, usilale ukaganda."

Nusu ile ilikamilika kabla ya jua kuzama, laini. Kesho yake tulipanda, mama akitoboa kwa kijiti na mimi nikidondosha punje, mpaka kibuyu kikalia tupu. Hazikubaki hata za kuonja. Siku saba zilizofuata nilifundisha vibaya. Siku ya nane nilikwenda shambani kabla ya shule nikakuta mistari ya kijani, myembamba, imenyooka, na nililia hapo langoni nikiwa na vitabu vya kusahihisha mkononi. Kwenye nusu ya plau, nilipojaribu kunde kwa ukaidi tu, hapakuota kitu.

Ilikuwa baada ya mavuno ndipo mama alipozungumza. Alijaza kibuyu kwanza, kabla ya mtu yeyote kupika hata chungu kimoja, akakiziba kwa gunzi na nta. Mimi nilikuwa nikimsifu binamu, kwamba ukaidi wake ndio uliotuokoa, kwa kuwa angeanzia langoni nilipotaka mimi, nusu nzuri ndiyo ingekwenda.

"Mimi ndiye niliyemwambia aanzie malka," mama alisema. "Kule ni kubaya siku zote. Nilijua utataka kuona kwa macho yako, nikakupa pa kuonea."

Niliacha gunia nililokuwa nikilifunga.

"Baba yako alitaka kuona shamba zima," aliendelea. "Tulikula viazi vya kuomba kwa watu mwaka ule. Kisha akaipakia plau akampelekea mtu mmoja huko Bura, kwenye mashamba ya mifereji, huko wanaitumia. Yule mtu aliona haya kuichukua bure. Akampa baiskeli yake."

Kwa miaka thelathini nilikuwa nimemhukumu baba kwa ajili ya baiskeli. Niliumia, na bado naumia nikiikumbuka sauti yangu nikilisimulia jambo hilo mezani kwa watu kama kichekesho.

"Kwa nini hukuniambia kabla?"

"Ungesikia?"

Akanisukumia kibuyu.

"Kaa nacho wewe. Magoti yangu yamechoka."

"Si kaka ndiye mkubwa, mama?"

"Kaka yako bado hajaharibu kitu," alisema. "Baba yako nilimpa kibuyu mwaka ule alioitoa plau. Kabla ya hapo nilikuwa nakificha."

Kibuyu sasa kinaning'inia jikoni kwangu, juu ya moshi, wadudu wasikifikie. Wiki iliyopita kaka alipiga simu kutoka Mombasa. Anastaafu, anarudi nyumbani kulima, na ameona mahali plau safi sana, si ya diski tatu kama ile yangu ya kubahatisha, ni ya diski nne. Alinieleza habari ya hewa kuingia udongoni. Nilimsikiliza mpaka mwisho, macho yangu kwenye kibuyu.

"Sawa, injinia," nilimwambia. "Njoo nayo. Utaanzia upande wa malka."