Upepo Niliouita Wangu

Ninyi vijana mnaoandika mmenisumbua kwa swali moja: Mama Riziki, unaanzaje? Unafanya nini hadi maneno yaje? Mnataka siri. Basi tazameni shavu langu la kushoto, hii ngozi iliyojikunja kama mfuko wa nailoni uliopitiwa na moto. Jibu ni hilo, na mengine yote ni maelezo.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mwandishi wa michezo ya kuigiza ya parokia yetu, hapa Goma, upande wa Lac Vert. Noeli, Pasaka, ndoa ya mtoto wa katekista, wote walikuja kwangu. Nilijivuna, na nilikuwa na haki, maana watu walilia pale nilipotaka walie. Lakini nyumbani sikuweza kuandika hata mstari. Mama mkwe wangu anaishi nasi, na yule mama hajui kunyamaza. Anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, anagombana na redio, anakuuliza jambo kisha anajijibu mwenyewe. Kwa hiyo nikajitengenezea desturi.

Asubuhi, ardhi ikiwa bado baridi, nilichukua kaye, yaani daftari langu, kalamu na termosi ya chai, nikamwita mbwa wetu Kapita, tukaenda kwenye shimo nyuma ya mashamba, katikati ya mawe meusi ya volkano. Njiani sikumsalimia mtu. Hilo lilikuwa sharti langu: salamu ya kwanza ingenilia sentensi ya kwanza. Majirani walinisemesha, nikawapita kama nguzo.

Mwanzoni nilikaa juu, kwenye jiwe la ukingoni. Halafu nikagundua kwamba nikishuka kidogo maneno yanakuja upesi. Nikashuka, na kesho yake nikashuka tena. Pumzi zilikwenda mbio, moyo nao, kichwa kikawa chepesi, pua ikaniwasha kama nimekunywa soda kwa haraka. Nikasema, huu ndio upepo wangu. Nilipenda kuuita hivyo. Jioni nilimwambia mume wangu, Papa Riziki, kwamba leo upepo ulikuja kweli, naye akafurahi pamoja nami, maskini.

Mtu wa Goma ameshaelewa. Hapa kwetu kuna mazuku, hewa inayotoka ardhini kwenye mashimo kama lile. Haina rangi, inatulia chini kama maji, na anayelala ndani yake haamki. Wazee wanaiita upepo mbaya. Mimi nilikua nikiijua. Ila nilidhani ni ya mashimo mengine, yale yenye kibao cha fuvu na mijusi iliyokufa. Langu lilikuwa na majani mabichi, tena lilikuwa linanipa kazi nzuri.

Mchana kichwa kiliniuma hadi meno. Nilitapika chai. Niliamka nimelowa jasho. Mama mkwe akaamua kwamba nina mimba, akaanza kunichagulia sambaza wanono, vile visamaki vya ziwani, kwenye sahani. Sikumkatalia, kwa sababu walikuwa watamu.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha, na hapakuwa na upepo wowote, ule wa kweli. Nilishuka hadi chini kabisa, nikatandika kitenge, nikalala kifudifudi. Kapita akaweka kidevu juu ya mguu wangu. Nilimtazama, nikaandika: mbwa amelala kama mtu aliyesamehewa yote. Nilijua ni sentensi nzuri. Nilitaka kuweka nukta, mkono ukakataa.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Papa Riziki alikuja kunitafuta, mama yake nyuma, na majirani nyuma ya mama yake. Aliponiona alitaka kuruka. Mama akamshika mkanda wa suruali.

“Mutoto wangu hatashuka mule,” akasema. “Mutafute kamba ya mbuzi.”

Kamba ikaendewa. Wakati wa kuisubiri, bwana mmoja aliuliza, “Huyu si njo ule hasalimiake batu?” Yaani, si ndiye yule asiyesalimia watu? Wapo waliocheka. Mimi nilikuwa pale chini nakufa, nao wanacheka. Walirusha kitanzi mara nyingi hadi kikanasa kifundo cha mguu, wakanivuta kama mbuzi, uso chini, juu ya mawe yale yanayokata viatu. Shavu langu lilibaki huko. Kapita pia.

Hospitalini niliamka na oksijeni puani, nimejichafua, midomo imevimba, muuguzi ananitoa vijiwe shavuni kwa kibano. Dokta aliniuliza nilikuwa nasikia nini kabla ya kuanguka. Nikamweleza wepesi wa kichwa, mbio za moyo, maneno yanavyokuja.

“Haikukuwa maneno, Mama,” akasema. “Ulikuwa unakufa kila asubuhi, kidogo kidogo.”

Nilirudi nyumbani na mkono unaotetemeka. Jina la kijiko lilinipotea, nikakiita kile cha kulia chakula. Mama mkwe aliniogesha kwa nguvu, kama anasugua sufuria, na hakuniomba msamaha.

“Angeshuka, ningezika babili,” akasema. “Wewe ungekufa, ningekulia sana. Lakini ningelia na mutoto wangu kando.”

Nilimchukia. Nilimchukia huku ananilisha uji, na uji ulikuwa na sukari ya kutosha.

Ndiye aliyenikalisha jikoni nichambue majani ya sombe, ili vidole vikumbuke kazi. Vilipotulia akanisukumia kaye, akasema niandike, na nimsomee. Nikawa naandika palepale, kinu kikipiga, redio ikitukanwa. Kila nilichomsomea alisema kibaya. Siku moja, kwa hasira, nilimsomea ile ya mbwa, maana ilikuwa imebaki kichwani. Mchi ukasimama.

“Ile njo ya muzuri,” akasema. “Andika zingine kama ile.”

Nikamwambia, Mama, wakati naiandika Kapita alikuwa ameshakufa.

“Najua,” akasema. “Njo maana iko muzuri.” Akaendelea kutwanga.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru waliovuta kamba, hata yule bwana, ambaye sasa namsalimia kila asubuhi hadi anachoka. Namshukuru mama mkwe, ingawa sitamwambia. Naandika kila siku jikoni, baada ya kusalimia mtaa mzima, na ukweli ni kwamba naandika vibaya kuliko zamani. Katika mchezo wa Pasaka watu walipiga makofi ya adabu. Waliolia walililia mstari mmoja, mnaujua.

Basi, anzeni popote penye kelele na watu wanaowajua majina. Mimi bado kuna asubuhi kichwa kinakuwa chepesi na maneno yanaanza kukimbia. Nikisikia hivyo naweka kalamu, nafungua mlango, nasimama wima hadi yapite. Kisha nakaa, naandika yaliyobaki.