Nani Alimwanga Ile Maziwa?

Nafundisha darasa la sita hapa Bunia, na nakiri kwamba sipendi maswali. Siyo yote. Nachukia yale nisiyoyajua. Wiki ile tulikuwa tumeanza somo la nyota, na watoto wakanivamia: ulimwengu unaishia wapi? Nje yake kuna nini? Mmoja nilimwambia akae chini, aache kunipotezea wakati. Alikaa, na mimi nikatembea na uchungu wake hadi nyumbani.

Jumamosi mchana mvua ilitufungia ndani. Nilikuwa natayarisha somo kwa sauti, maana nisipojisikia nikisoma, hakuna kinachoingia. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, anachambua maharage. Tangu alipokimbia vita kijijini kwake Bule na kuja kukaa kwangu, yapata miaka miwili, alikuwa mtu wa "ndiyo" na "asante". Hakuuliza kitu, hata bei ya chumvi. Niliogopa kweli kwamba atazimika hivyo hivyo, kidogo kidogo, mbele ya macho yangu.

Nikasoma kwamba galaksi ni kundi la nyota nyingi mno, na kwamba hii yetu kwa Kifaransa inaitwa voie lactée, yaani Njia ya Maziwa.

Mkono wa mama ukasimama juu ya ungo.

"Nani alimwanga ile maziwa?"

Nikacheka. "Hakuna mutu, mama. Ni jina tu. Ni nyota, iko mbali sana, njo inaonekana mweupe."

Yeye hakucheka. "Miye nilimwanga," akasema.

Ndipo akasimulia. Asubuhi ile vita ilipoingia Bule, alikuwa amejitwika bidoni, dumu la maziwa, akimpelekea mtengeneza jibini kama kila siku. Alipokutana na watu wanakimbia, aligeuka akakimbia nao, bidoni kichwani, mpaka shingo ikamshinda. Akaimwaga yote barabarani. Mara ngapi nilimwuliza habari za siku ile, akanyamaza! Kumbe alikuwa anaona haya, mama yangu, kwa sababu ya maziwa. Nililia, wala sikujificha.

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Na siye, tuko fasi gani mu ile njia?"

Hilo nililijua, Mungu asifiwe. "Tuko ndani yake, mama. Jua, mwezi, Bunia, yote iko mule."

"Na Bule?"

"Bule pia."

Akarudia maharage yake. Akatupa kijiwe kimoja, cha pili. Halafu, bila kuniangalia:

"Na siye tutarudia kule lini?"

Na huyu nisingeweza kumwambia akae chini. Alikuwa amekaa tayari.

"Sijui, mama."

Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumtamkia mtu neno hilo.

"Haizuru," akasema, akipepeta ungo. "Nitakuuliza tena kesho."