Nilivyomtafuta Mwizi wa Moto wa Betri Kule Maweni

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine.

Nilikuwa na mwizi wa ajabu. Hakuiba pikipiki, hakuiba tairi, hata petroli hakunyonya. Alichukua moto wa betri peke yake, kisha akaifunika pikipiki turubai vizuri kama alivyoikuta.

Wiki tano mfululizo.

Ilikuwa 1986, Malindi, mtaa wa Maweni. Naitwa Kamande. Nilishuka kutoka Murang'a na sanduku la mbao na mdomo mrefu, nikapata kazi ya msaidizi wa daktari wa mifugo. Ofisi ikanikabidhi pikipiki kuukuu ili nizungukie vijiji nikichanja ng'ombe.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zile ambazo betri ikifa, na yenyewe imekufa. Unakanyaga kiki mpaka paja linatetemeka. Inakohoa. Inanyamaza. Unaanza kuomba watu wakusukume, na mimi niliyezoea kuwatania wote mtaani, hebu fikiria walivyonisukuma huku wakicheka.

Mara mbili nilishindwa kufika kijiji cha Ganda. Mara mbili wazee walikusanya ng'ombe toka alfajiri, wakakaa nao juani, daktari haonekani.

Bwana mkubwa akateremka kutoka Kilifi kuja kunipa onyo. Nikiikosa Ganda mara ya tatu, pikipiki anapewa Kioko, na mimi napewa baiskeli.

Kioko tulikuwa tukifanya naye kazi chumba kimoja. Tangu siku ile akawa anapita kuitazama pikipiki yangu kama mrithi anavyotazama shamba la mgonjwa.

Basi nikampelekea betri Baya, fundi wa kuchaji pale karibu na soko. Akaichaji. Mchana kutwa nikapaa nayo.

Kesho yake asubuhi, kimya.

Nikarudi kwa Baya, na sikurudi kwa adabu. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba ananichajia nusu ili nisiache kuja. Nikamwita mwizi.

Baya hakupandisha sauti. Alifungua vifuniko vya betri, akapima asidi ya vyumba vyote vitatu, akaongeza maji ya betri, akaichaji tena. Kisha akasema hanipi. Akaiweka juu ya rafu siku mbili, haikuunganishwa na chochote, akaipima tena mbele yangu.

Imejaa vilevile.

Akaifunga kwenye pikipiki, akawasha injini, akaniambia niangalie taa. Alipokaza mafuta, taa ikang'aa zaidi. Maana yake injini nayo ilikuwa inachaji.

"Betri haina kosa, na injini haina kosa," Baya akaniambia. "Moto wako unaliwa nyumbani kwako."

Akaniuliza kama huwa naizima sawasawa. Nilicheka. Nikamwambia mimi ni mtu wa kufunga mara mbili, sibahatishi.

Njiani nikapiga hesabu. Unaliwa nyumbani? Na nani?

Lewa.

Lewa alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu mpole, mwenye redio kubwa inayotumia betri ya pikipiki kama yangu. Redio ile haikuzimika. Na yule bwana anachaji wapi? Sijawahi kumwona hata siku moja akibeba betri kwenda sokoni.

Nilimfuata mlangoni, mkewe amesimama nyuma yake na mtoto mgongoni. Nikamwambia redio yake inaimba kwa jasho langu. Mwizi wa pili huyo.

Lewa alinitazama sana, akafunga mlango polepole.

Ikabaki siku moja kabla ya kwenda Ganda. Nikaona nitege. Jioni nilipofunika turubai, nikalizungushia uzi mweusi wa kushonea, mwembamba, usioonekana. Yeyote atakayegusa, uzi utakatika, na mimi nitakuwa na ushahidi.

Asubuhi nikauangalia. Uzi mzima. Haukusogea hata kidogo.

Nikakanyaga kiki. Kimya.

Jamani, nilikaa chini kwenye mchanga kama aliyefiwa.

Mama Mapenzi, mwenye nyumba wangu, alikuwa jikoni akikaanga mahamri ya kuuza. Nikamsabahi: shikamoo. Akaitikia marahaba, akatoka na upawa mkononi, akaitazama pikipiki. Akauliza mbona leo ile taa imezimika mapema.

"Taa gani, mama?"

"Hiyo ya nyuma, nyekundu. Kila alfajiri nikija kuwasha moto naiona yachungulia chini ya turubai. Nilidhani ndivyo serikali itakavyo."

Nikaizungushia taa ya nyuma viganja, nikachungulia ndani. Kulikuwa na kinukta chekundu, kama sigara inayokata roho.

Sasa nisikilizeni. Kule kwetu kitasa cha mlango ukizungusha ufunguo mara moja umefunga, mara mbili umefunga kweli. Na mimi, kwa kuogopa wezi wa mjini, kila jioni nilikuwa naizima pikipiki, halafu nausukuma ufunguo mbele kidogo mpaka ulie tena, ndipo nautoa. Nalala usingizi mzuri.

Kumbe kule mbele ndiko kuna taa ya kuegeshea, ya watu wanaoacha pikipiki barabarani gizani. Nilikuwa naiwasha kwa mkono wangu, jua bado kali, siioni, halafu naifunika.

Mwizi nilikuwa nampa ufunguo mimi.

Nikabisha kwa Lewa kumwomba betri ya redio, ya asubuhi ile tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia anasikiliza taarifa ya habari, akarudi ndani, akaongeza sauti.

Niliazima baiskeli. Nilifika Ganda saa tano na nusu, chanjo imepata joto kwenye chupa. Ng'ombe wamesharudishwa malishoni. Alikuwepo mzee Thoya peke yake, akaniambia bwana mkubwa amekuja kutazama kazi, amesubiri, ameondoka.

Alasiri Kioko akaja kuchukua ufunguo. Nikamwonyesha mahali pa kuishia anapouzungusha. Akanishukuru, kiki moja tu baada ya kuweka betri nzima, akaondoka bila hata moshi.

Tangu hapo, nikipoteza kitu, kwanza nakagua mikono yangu, ndipo naangalia ya watu. Nimelipata somo hilo kwa kuendesha baiskeli miaka miwili na nusu kwenye mchanga.

Lakini jioni ile sikuwa nimejifunza lolote. Nilimkuta Mama Mapenzi ameketi anakuna nazi, nikamwaga hasira zote kwake. Nilimwambia yeye ndiye aliyeniponza. Wiki tano anaiona taa, jirani mzuri angenena, hata kwa kuinua tu turubai na kuniita, leo ningekuwa na pikipiki yangu.

Mama Mapenzi aliacha kukuna.

"Baya ulimwita mwizi. Lewa ukamwita mwizi. Ungenikuta mimi nimeshika turubai lako, mwanangu, ungeniita nani?"