Mafuta ya Upako Aliyoyakataa Célestine

Célestine alikuwa mshonaji wa mtaa wa Kimanga, kando ya ziwa, mjane mwenye sauti nzito iliyobeba kwaya ya kanisa lake. Cherehani yake ilikaa barazani, na aliyeleta gauni la kupunguza alileta pia malalamiko yake juu ya mume au mpangaji. Célestine alisikiliza huku mguu ukikanyaga. Hakuwa mwepesi wa kuhukumu, na alichoambiwa hakikuvuka kizingiti.

Kwa hiyo mtaa ulipotaka kuchagua rais mpya wa kamati ya bomba la maji, hakuna aliyeshangaa jina lake lilipotajwa. Jina la pili lilikuwa la Bigirimana, seremala, Mkatoliki mpole wa ng'ambo ya barabara. Célestine aliutaka urais huo, wala hakujificha. Alichoka kuona wanawake wakishuka ziwani na bidoni za kuchotea maji, na bomba lipo, limefungwa tu kwa sababu wenye ufunguo wamegombana.

Jumapili ya kuelekea uchaguzi, Pasta Sylvestre alimwita ofisini kabla ya ibada. Chupa ya mafuta ya upako ilikuwa mezani.

"Mama Célestine, leo tutakupaka mafuta mbele ya kanisa. Nitaambia bakristo kwamba Mungu ameshakuchagua. Mwenye kuchagua mwingine, anapingana na Mungu."

Moyo wa Célestine uliruka. Zaidi ya nusu ya mtaa walisali pale. Maneno hayo yakisemwa, kazi imekwisha. Aliisukuma chupa irudi upande wa pasta.

"Pasta, uniombee, nahitaji maombi. Lakini hayo maneno, hapana."

"Juu ya nini? Weye si mutoto wa Mungu?"

"Minye ni mutoto wa Mungu. Na Bigirimana je? Maji ya mafuriko ilipotufukuza, ni yeye alitufungulia mulango, tukalala kwake. Tena Mungu hakuniambia kitu, Pasta. Hii kazi naitaka minye mwenyewe, na naweza kushindwa."

Pasta aliirudisha chupa kabatini. Siku hiyo alihubiri juu ya kiburi, na hakuna aliyeuliza anamsema nani.

Akashindwa kweli. Wenzake wengi wa kanisani hawakutoka kupiga kura. Nyumbani binti yake Déborah hakuficha uchungu wake.

"Mama, ushindi ulikuwa mu mukono yako, ukaumwaga."

Célestine aliendelea kuchambua visamaki vya ndagala, machozi yakimdondoka, maana kushindwa kuliuma kuliko alivyotazamia. Kisha akanawa uso, akavuka barabara kwenda kwa Bigirimana.

"Nilidhani umekuja kulalamika," Bigirimana alisema.

"Nimekuja kukupongeza. Na kukuomba bomba ifunguliwe mapema, mbele ya batoto kwenda masomo."

Seremala akacheka, akamvutia kiti. Kabla Célestine hajaondoka, Bigirimana alimwomba awe makamu wake, naye akakubali.

Pasta Sylvestre aliendelea kumsalimia Célestine kwa ncha za vidole. Kisha kiangazi kikaja, maji yakapungua, na familia mbili za kanisa lake zikapigana bombani hadi mtu akapasuka paji la uso. Kila upande ulimtumia pasta habari aje kuutetea. Alipofika, aliwakuta wote wamekaa barazani kwa Célestine. Bigirimana alikuwa katikati yao, akivumilia makelele, naye Célestine akiwakumbusha waliodakiza wamwachie mwenzao amalize. Watu walimpinga rais wao waziwazi, hata kumkemea, na hakuna aliyeogopa kwamba anamkemea Mungu. Jua lilipopinda walikuwa wamekubaliana zamu, na aliyepiga akaomba msamaha.

Watu walipotawanyika, pasta alibaki amesimama kando ya cherehani.

"Mama, ile siku ulinikasirisha sana."

"Najua, Pasta."

"Hata sasa hasira iko, kidogo."

"Na minye kushindwa kungali kunaniuma," alisema Célestine. "Ukae basi, Déborah anakuletea chai."

Pasta akakaa.