Fundi Viatu wa Rhyd-las na Reli ya Bonde

Tudur Beynon alikuwa fundi viatu wa kijiji cha Rhyd-las, milimani upande wa magharibi ya Uingereza, na kilichomwingiza katika habari za reli kilikuwa uchovu tu. Kila Alhamisi alibeba mgongoni viatu alivyoshona wiki nzima, akavuka mlima maili kumi na moja hadi sokoni Pont-y-garreg, kisha akarudi na mzigo wa ngozi. Alipotimiza miaka arobaini na mitano, magoti yalianza kumgomea. Kwa hiyo mwaka 1859, wakubwa wa bonde walipoitisha mkutano kanisani kuzungumzia kujenga reli yao wenyewe, wakauliza nani atazunguka mashambani kuomba ridhaa ya wenye ardhi, mkono wa Beynon ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

"Wewe?" akasema mwenyekiti, Bwana Vaughan, ambaye nusu ya bonde ilikuwa yake. "Unajua kuzungumza na watu?"

"Nawashonea viatu, bwana. Nawajua kuanzia chini."

Kanisa zima likacheka, hata mchungaji.

Alidhani ni kazi ya msimu mmoja. Ikamla miaka sita. Huyu alisema moshi utachachusha maziwa ya ng'ombe wake, yule alisema cheche zitateketeza nyasi kavu. Mmoja alikubali Jumatatu, akakataa Jumatano baada ya kuzungumza na mkewe. Bunge kule London likaurudisha mswada mara mbili, na kila ukirudishwa Beynon alianza upya kwenye nyumba ya kwanza. Viatu vya watu vikawa vinalala kwake wiki nzima bila kuguswa.

"Beynon, treni imefika?" wakamtania vijana wa kwa mhunzi kila akipita.

"Imefika, ila mkia bado uko London."

Mwanzoni alilijibu hilo akicheka. Mwaka wa nne alilijibu bila kugeuka.

Mkewe, Mali, hakuwa na la kutania. "Mwenzangu, hao wakubwa wako wanakula nyama choma huko mjini wakizungumza reli. Wewe unakula matope. Hulioni hilo?"

"Nimebakiza nyumba moja tu, Mali."

Nyumba hiyo moja ilikuwa ya Catrin Howell, mjane aliyefuga kondoo juu kidogo ya mto. Njia ilikuwa lazima ipite kwenye malisho yake ya chini, na malisho hayo baba yake aliyakausha kwa mikono, mtaro baada ya mtaro, yalipokuwa kinamasi kitupu. Mara nane Beynon alipanda kwake, mara nane akateremka mikono mitupu. Mara ya tisa ilikuwa Februari, mvua ya barafu. Catrin alimfungulia mlango, akamwonyesha kiti kando ya moto, akaenda kutazama chungu cha mchuzi wa kondoo. Aliporudi, mgeni wake amelala fofofo, kofia ingali kichwani, maji yakimchuruzika sakafuni.

Alimwacha alale saa mbili nzima. Alipoamka, bakuli lilikuwa mezani.

"Samahani, Mama Catrin. Aibu gani hii."

"Kula kwanza. Leo ndiyo mara yako ya kwanza kuja hapa bila kunihubiria."

Akala. Catrin akamwongezea mchuzi.

"Siku zote nimekuona mtu wa Vaughan," akasema. "Kumbe ni mtu aliyechoka tu, kama mimi. Haya. Wapite. Ila treni isimame langoni kwangu kila nitakapopunga kitambaa. Nina siagi ya kupeleka sokoni, na mimi pia nina magoti."

"Itasimama. Nakuahidi mimi."

Aliifikisha ahadi hiyo kwenye kamati. Wakaitikia kwa vichwa: sawa, sawa, fundi. Hakuna aliyeiandika.

Reli ilifunguliwa Agosti 1867. Bendi ilipigwa, bendera zikatundikwa, Bwana Vaughan akahutubia kwa muda mrefu akiwashukuru watu wengi, wote wenye mashamba makubwa. Beynon alipanda behewa la daraja la tatu. Walipokaribia kwa Catrin akatoa kichwa dirishani. Mjane alikuwa amesimama langoni, kofia yake ya kanisani kichwani, kikapu cha siagi miguuni, anapunga kitambaa cheupe. Treni haikupunguza mwendo. Abiria wakadhani anashangilia, nao wakampungia.

Beynon aliteremka stesheni iliyofuata, akarudi maili mbili kwa miguu akifuata mataruma ya reli. Alimkuta bado pale pale. Siagi ilikuwa imeanza kuyeyuka.

"Usiniombe radhi," Catrin akasema. "Sina nguvu ya kusikia radhi leo."

"Sikuja kuomba radhi. Nimekuja kukubebea kikapu."

Kesho yake alikwenda kwa Bwana Vaughan bila kuitwa.

"Fundi, treni si mkokoteni," Vaughan akasema. "Haiwezi kusimama kwa kila bibi mwenye siagi."

"Bwana, nyumba mia moja na tatu zilikubali kwa neno langu, si kwa lako. Nimechoka, lakini kuzunguka bado naweza. Nitaanzia ya kwanza hadi ya mwisho, niwaambie neno langu lilitendewa nini. Mwakani utakapotaka ardhi ya njia ya pili, utakwenda mwenyewe."

Wiki hiyo hiyo madereva wakapewa amri ya maandishi, na treni ikaanza kusimama langoni kwa Catrin.

Lakini treni haikuchukua siagi peke yake. Miaka miwili haikupita, ikaanza kuleta makasha ya buti za kiwandani kutoka miji mikubwa ya Uingereza, za bei ya chini kuliko ngozi aliyonunua Beynon. Wateja wakapungua, kwanza vijana, kisha hata mashemasi wa kanisa, wakipita mlangoni pake wakitazama upande wa pili.

"Unajuta?" Mali alimuuliza siku moja, wakiwa wamekaa kibandani bila kazi.

Beynon alifikiri sana. "Asubuhi huwa najuta. Ikifika mchana, nimeshachoka hata kujuta."

Mali akacheka, kisha akafuta macho.

Mvua za vuli ziliponyesha, buti za kiwandani zikaanza kuachia soli, na watu wakaja wamezishika mkononi, wana haya. Beynon hakumsema mtu. Alizipokea, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akazitia misumari. Zimeshonwa vibaya, alimwambia Mali, ila si vibaya sana.