Damu ya Kulinganishia

Mpimaji wa maabara ana mikono mikavu, iliyopauka, kwa kuwa hunawa kwa sabuni ya kufulia tu. Zile za dawa, za kuua vijidudu, kaapa kutozigusa. Kazi yake ni kuyasaka mabaki ya dawa hizo kwenye damu za watu. Huingiza sampuli kwenye mashine inayoigeuza mvuke, kisha huutazama mstari kwenye skrini, kidevu mkononi. Ukipanda kilima, hung'aka: "Huyu naye kaogea duka zima la dawa!" Majirani wote kawaonya, mpaka wanamkwepa. Juzi alihitaji damu safi ya kulinganishia, akamtoa damu mama yake, bibi asiyejua poda wala manukato. Kilima kikapanda kuliko vyote. Akaosha vyombo, akarudia, kile kile. Jioni akamuuliza anaogea nini.

"Si ile sabuni ya dawa uliyokuwa ukiniletea ulipoanza kazi? Ulisema nisiiache. Ulipokoma kuileta nikajua mambo yamekubana, nikawa najinunulia. Sijaiacha hata siku moja, mwanangu. Hebu nusa." Akamnyooshea viganja, uso umemchangamka. Mpimaji akainama, akanusa, akabaki ameinama vile vile.